Maji ya Chumvi, Saa Nane za Usiku

Juni, Mawaleh. Bomba la baridi latoa maji ya moto:
tangi limekaa juani kutwa, na usiku halijapoa.
Basi birika sikulibandika.
Nusu kijiko cha chumvi, gilasi, koroga,
sukutua upande wa kulia, kule ambako fizi
zimeumuka kama andazi lililozidiwa hamira.

Leo daktari kakaza waya.
"Kidogo tu, mama," alisema kijana yule wa Nizwa,
mikono baridi, adabu tele,
nami nikaitikia kwa nyusi
maana mdomo ulikuwa wake.

Miaka arubaini na tisa.
Shemeji Mundhir kaniuliza mbele ya watu:
"Hizo nyaya ni za kufungia nini, maneno?"
Wakacheka. Nikacheka nami, kiganja mdomoni,
kama ninavyocheka tangu darasa la tatu,
tangu mwalimu aliposema meno yangu
yanaswali kila moja na kibla chake.

Mama akisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Pengo sikuwa nalo, mama.
Nilikuwa na msongamano.
Na pesa hatukuwa nazo; tulipokuwa nazo
zikaenda kwenye paa, kwenye gari,
kwenye meno ya Shinuna,
na mimi nikangoja nyuma ya foleni
niliyoipanga mwenyewe.

Nilianza na karafuu. Ningeachaje?
Kichupa cha mafuta kutoka Unguja,
shangazi Zuwena kakituma ndani ya soksi.
Nikapaka kwa kidole, bila kuyapunguza makali,
na moto ukapanda hadi sikioni.
Karafuu ile ile iliyowavusha babu zangu bahari
haikunivusha usiku mmoja.

Kisha barafu ndani ya kitambaa, shavuni.
Kisha mtindi, polepole, kwa kijiko cha chai.
Mswaki wa kitoto wenye picha ya twiga,
nywele laini, nikizungusha kama ninayefuta vumbi
juu ya kitu cha watu.
Jana kwa kina Asila ilikuja halwa,
ina lozi, inang'aa zafarani,
nikaitazama nikasema nimeshiba.
Mwongo mimi. Hata kahawa niliipuliza
mpaka ikasahau kuwa ni kahawa.

Mlango. Miguu mitupu kwenye vigae.
Shinuna, kumi na sita, nywele timutimu,
yake yalitolewa mwaka jana
na sasa anatabasamu hata kwa mabawabu.
Hakuuliza kitu. Akafungua droo ya chini,
chini ya risiti na betri zilizokufa,
akatoa kibweta cha nta alichobakisha.
"Fungua, mama."

Akakausha kwa karatasi laini.
Akaviringisha nta, tonge la ukubwa wa choroko,
akalipasha kwa vidole, akalibandika
pale chuma kinapolikwaruza shavu.
"Usilitafune. Lipapase tu kwa ulimi."
Nikapapasa. Palipokuwa na msumari
pakawa na kitu cha duara, chenye huruma.

Nilimkumbuka wa miezi saba, chumba kile cha Ruwi,
analia, mate yamelowesha kifua changu,
nami nimefunga kitambaa cha maji kidoleni
nausugua ufizi wake, huku na huku,
hadi nikagusa punje, ngumu kama mchele mbichi.
Nikamwamsha baba yake: limetoka!
Naye akaning'ata.

"Aa! Mama!"
Nimemng'ata. Wallahi sikukusudia.
Akachomoa kidole, akakitikisa hewani,
akacheka kwa meno yake yote yaliyonyooka.

Fizi bado zinapwita. Kesho uji.
Lakini nilicheka nami, kwa sauti, chuma chote nje,
na nilipokumbuka kuuziba mdomo
mkono ulikuwa umeshika gilasi.